UWANJA WA SHEIKH AMRI ABEID, ARUSHA

  Tafadhali sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na daftari lake na kalamu. Kabla hatujaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno haya matano, maana tutayakuta njiani: UWANJA, JUKWAA, MEYA, MIZANI, MZUNGUKO.

(Kimya kidogo, wanafunzi waandike.)

Haya. Somo letu la leo ni la historia, nalo limetokana na barua. Darasa la Maji ya Chai wametuandikia hivi: "Sisi tukipanda gari kwenda mjini Arusha, tukishashuka stendi twauona uwanja wa mpira. Sasa tunajua kusoma, na tumesoma jina lake: Sheikh Amri Abeid. Twataka kujua, mtu huyu alikuwa nani? Je, alikuwa mchezaji mashuhuri?"

Barua hii imetufurahisha sana. Watu wengi hulitaja jina lile kila siku. Kondakta hulitaja, mama muuza ndizi hulitaja, na mtangazaji wa mpira hulitaja, wala hawaulizi. Nanyi wa Maji ya Chai mnajua kwamba jina la mahali lina maneno ndani yake. Jina la kwenu latokana na rangi ya maji ya mto, na mgeni asipoelezwa atadhani kwenu hunywewa chai kuliko kwingine. Basi jina la uwanja nalo lina habari yake. Jibu la swali lenu ni hili: Sheikh Amri Abeid hakupewa uwanja kwa ajili ya miguu yake. Alipewa kwa ajili ya kichwa chake na kalamu yake.

Lakini tuanze na mji wenyewe, maana uwanja hauoti porini.

Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka wa 1900. Boma lile lipo mpaka leo, na ndani yake pana makumbusho. Mwaka wa 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji. Mwaka wa 1929 reli ikafika kutoka Moshi, na gari la moshi likaanza kuchukua kahawa na mazao mengine. Hata hivyo mji ulikuwa mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Arusha ilikuwa na watu 10,000 hivi. Mwaka 1967 walikuwa zaidi ya 32,000. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 617,000. Mwenye kupenda hesabu na agawanye 617,000 kwa 10,000, ataona kwamba katika miaka 65 mji umekuwa mara 60 na zaidi.

Mji ule mdogo ulikuwa umegawanywa. Wazungu walikaa upande wao, na mpaka leo watu husema "Uzunguni". Wahindi walikuwa na maduka yao. Waafrika walikuwa na mitaa yao, na mmoja wa mitaa hiyo ni Kaloleni. Uwanja wetu uko karibu na Kaloleni. Karibu na hapo pia ndipo lilipo jengo ambamo wakuu wa TANU walikutana mwezi wa Januari 1967 na kulipitisha Azimio la Arusha. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuviona vitu hivi vyote, yaani uwanja, jengo la Azimio na mnara wake, katika asubuhi moja bila kulipa nauli.

Na mpira wa miguu ulitoka wapi? Ulikuja kwa meli. Waingereza waliofanya kazi ya simu za baharini waliucheza Unguja katika karne ya 19, na wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani wakaupenda. Kutoka pwani mpira ulipanda bara pamoja na walimu, askari, makarani na wafanyakazi wa reli. Mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kikombe kilichoitwa Gossage. Gossage lilikuwa jina la kampuni ya sabuni, nayo ndiyo iliyotoa kikombe. Msicheke. Kufua jezi na kucheza mpira ni mambo yanayokwenda pamoja. Tanganyika iliingia katika mashindano hayo mwaka wa 1945.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe.

Kaluta Amri Abeid alizaliwa mwaka wa 1924 katika mji wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mwanachuoni wa dini ya Kiislamu katika jumuiya ya Ahmadiyya, na alisaidia katika kazi ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka wa 1953. Mwaka uliofuata, 1954, kilitoka kitabu chake mwenyewe, jina lake "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri". Sehemu ya kwanza inafundisha namna ya kutunga shairi. Sehemu ya pili ni mashairi yake.

Hapa ndipo tunapolihitaji neno MIZANI. Mizani ni hesabu ya sauti katika mstari wa shairi. Semeni pamoja nami, mkipiga kofi kwa kila sauti: U-wa-nja. Mmepiga makofi mangapi? Matatu. A-ru-sha. Matatu tena. Ki-li-ma-nja-ro. Matano. Katika shairi la kawaida la Kiswahili kila mstari una mizani 16, nao hukatwa vipande viwili, 8 na 8, na mwisho wa kila kipande pana sauti inayorudi, iitwayo kina. Wazee wa pwani waliyajua mambo haya kwa masikio. Amri Abeid aliyaandika kama sheria, ili kijana wa Ujiji, au wa Mbeya, au wa Meru, ambaye hakulelewa Mombasa wala Lamu, ajifunze kutoka katika kitabu. Mimi naona hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko vyeo vyake vyote, ingawa vyeo ndivyo vilivyompa uwanja.

Vyeo hivyo vilikuwa hivi. Mwaka wa 1960 alichaguliwa kuwa meya wa Dar es Salaam. MEYA ni mkuu wa baraza la mji. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, na Tanganyika ilikuwa bado haijapata Uhuru. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka wa 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, na baadaye akawa Waziri wa Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Sikilizeni vizuri hapo. Wakati ule wizara ya maendeleo ndiyo iliyokuwa na kazi ya kisomo cha watu wazima. Kazi hiyo ilihamishiwa Wizara ya Elimu mwaka wa 1969. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu ambaye jina lake mmelisoma pale ukutani alikuwa waziri wa madarasa kama haya yenu.

Hakukaa sana katika kazi hiyo. Alikufa mwezi wa Oktoba 1964, akiwa ughaibuni, katika nchi ya Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa Arusha ukapewa jina lake kwa kumbukumbu.

(Kimya kidogo. Mwalimu aulize: Amri Abeid alizaliwa mji gani? Alikufa akiwa na miaka mingapi?)

Tuingie sasa ndani ya lango.

Uwanja wa mpira una sheria zake kama shairi. Urefu unaotumika sana katika mechi kubwa ni meta 105, na upana meta 68. Zidisheni 105 kwa 68. Jibu ni 7,140. Yaani majani ya uwanja mmoja ni meta za mraba 7,140. Eka moja ni meta za mraba 4,047 hivi. Kwa hiyo uwanja wa mpira ni eka moja na robo tatu na kidogo. Mkulima wa Maji ya Chai mwenye eka mbili za mahindi ana shamba kubwa kuliko uwanja ambao maelfu ya watu hulipa kiingilio kuutazama.

Kando ya majani pana njia ya wakimbiaji. Mzunguko mmoja wa njia ya kawaida ya riadha ni meta 400. Arusha iko juu, karibu meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Juu namna hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Mwili wa mtu anayekaa na kukimbia mahali pa juu huzoea kwa kutengeneza chembe nyingi zaidi za damu nyekundu, zile zinazobeba hewa. Akishuka pwani, au akienda nchi za mbali, huona mbio zimekuwa nyepesi. Ndiyo sababu mkoa wa Arusha, ambao zamani ulikuwa pamoja na Mbulu na nchi yote ya Manyara, umetoa wakimbiaji wengi.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka wa 1953. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika nchi ya New Zealand, alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32.16. Hapakuwa na mtu duniani aliyekwisha kufanya hivyo. Alikwenda mbele tangu mlio wa bastola wala hakurudi nyuma ya mtu. Meta 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, basi kila mzunguko alitumia chini ya sekunde 57. Rekodi hiyo ilikaa mpaka mwaka wa 1979.

Kabla yake alikuwapo John Stephen Akhwari wa Mbulu. Yeye alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, akaanguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka akamaliza wa mwisho, usiku, watu wengi wamekwisha kwenda zao. Marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Mkitaka kuikimbia yote ndani ya uwanja mtazunguka mara 105 na karibu nusu. Na mwaka 2025, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida aliyefanya mazoezi yake Arusha, alishinda marathoni ya dunia huko Tokyo. Yeye na Mjerumani aliyekuwa wa pili waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9, sekunde 48, na ilibidi picha itazamwe ili kujua nani alitangulia. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Katika mpira Arusha haikubahatika hivyo. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka wa 1965, bingwa alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Tangu hapo ubingwa umekwenda Dar es Salaam mara nyingi mno, kwa Simba na kwa Yanga. Arusha ilikuwa na timu yake ya AFC, na baadaye JKT Oljoro, timu ya askari, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2011 na kushuka mwaka 2014. Ndipo majukwaa ya Sheikh Amri Abeid yakazoea kungoja wageni. JUKWAA ni mahali palipoinuliwa, watu wakae au wasimame waone vizuri.

Lakini siku mgeni akija! Tarehe 2 Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Arusha. Yanga, waliokuwa wamemaliza ligi bila kufungwa hata mara moja, walikutana na Coastal Union ya Tanga. Kijana mmoja wa Coastal, Abdul Suleiman, wamwitao Sopu, alifunga mabao matatu peke yake. Siku nyingine yoyote mabao matatu ya mtu mmoja yangetosha kumpa kikombe. Yanga nao walifunga matatu. Muda wa kawaida haukutosha, muda wa nyongeza haukutosha, wakaenda kupiga penalti. Yanga wakashinda 4 kwa 1. Sopu alirudi Tanga na mabao yake, bila kikombe.

Ziko siku nyingine ambazo uwanja ule ulijaa na hakuna mtu aliyepiga kelele.

Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi, basi lililokuwa limewachukua wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha lilitumbukia korongoni karibu na Karatu. Watoto walikuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima na shule nyingine. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walipona. Tarehe 8 Mei miili yao ililetwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ili wazazi na wakazi wa mji waage. Aliyeiongoza serikali siku hiyo alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan. Majeneza yalipangwa uwanjani, na majukwaa yakajaa watu kuliko katika mechi. Msiba wa namna ile hauenei katika ua wa nyumba wala katika kanisa moja au msikiti mmoja, na waliokufa walikuwa watoto wa Wakristo na wa Waislamu pamoja. Mji ulihitaji mahali pamoja pa wote, na mahali hapo pakawa ni uwanja wa mpira.

(Kimya kidogo.)

Neno hilo, "pa wote", latuleta kwenye jambo ambalo watu hubishana juu yake. Uwanja ni wa nani?

Kwa karatasi, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Si huu peke yake. Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Mkwakwani wa Tanga, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora na vingine kadhaa ni vya chama hicho pia. Ilikuwaje? Yafaa tukumbuke kwamba kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na chama kimoja. Tarehe 5 Februari 1977 TANU ya bara na Afro-Shirazi ya Visiwani ziliungana kuwa CCM, na siku zile mtu wa kawaida hakuweza kuchora mstari kati ya mali ya chama na mali ya umma. Hakuwa na haja ya kuuchora. Mwaka wa 1992 sheria iliruhusu vyama vingi, na mstari ukatakiwa kuchorwa. Viwanja vikabaki kwa CCM.

Wako wasemao kwamba viwanja hivyo ni vya wananchi wote, maana vilijengwa zamani za chama kimoja, kwa michango na jasho la watu wa kila namna, basi virudishwe kwa serikali au halmashauri za miji. Wako wajibuo kwamba chama ndicho kilichovisimamia na kuvitunza, nacho ni mmiliki halali kama mmiliki mwingine. Redio haitawaamulia. Jizungumzieni darasani, kwa adabu, na mwalimu asiwakatize mapema. Mimi nitaongeza jambo moja tu. Majani hayamjui mwenye hati. Yasipomwagiliwa hukauka, na jukwaa lisiporekebishwa huwa hatari. Bodi ya Ligi imewahi kuvifungia viwanja kadhaa nchini mpaka virekebishwe, na siku uwanja ukifungiwa, hasara humfikia kwanza muuza karanga aliyeko langoni.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu uwanja wetu mkongwe amepata ndugu mdogo aliye mkubwa kuliko yeye. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na mwaka 2024 kazi ya kujenga uwanja mpya ilianza katika kata ya Olmoti, Arusha. Uwanja huo ulipangwa kuchukua watu 30,000, karibu sawa na watu wote waliokuwamo mjini mwaka 1967. Mechi kubwa zitakwenda huko. Nao ule wa karibu na stendi ufanywe nini? Ardhi yake iko katikati ya mji, na ardhi ya katikati ya mji ina wachumba wengi. Mtu mmoja ataona pale maduka, mwingine ataona maegesho ya magari. Watoto wa Kaloleni, ambao hawana nauli ya Olmoti, wataona mahali pa kuchezea. Miti ikikatwa hupandwa mingine, lakini eka moja na robo tatu za majani katikati ya mji zikishajengwa juu yake, hakuna azirudishaye.

Sasa fungueni madaftari kwa kazi ya nyumbani. Ni kazi nne.

Kwanza, andikeni sentensi tano juu ya Sheikh Amri Abeid, kila moja yenye mwaka ndani yake.

Pili, kama mtu akizunguka njia ya meta 400 mara 5, amekwenda kilometa ngapi?

Tatu, tungeni mstari mmoja wenye mizani 16 juu ya kijiji chenu. Pigeni makofi mpate hesabu sawa. Mkiona 15 au 17, badilisheni neno moja, msiibe sauti.

Nne, kila mtu amtafute mzee mmoja wa Meru au wa Arusha aliyefika uwanjani pale zamani, amwulize alikwenda kwa shughuli gani, alisafiri kwa chombo gani, na alilipa kiasi gani mlangoni. Andikeni kama alivyosema, msimsahihishe lugha. Mwalimu azikusanye karatasi hizo na kuzihifadhi katika sanduku la darasa.